Mama, Ulimwambia Daktari Hujambo

Mama,

Barua zote nilizoandika maishani mwangu nilizianza kwa kusema mimi ni mzima wa afya. Hii nimeona nisiianze hivyo. Ukinisikiliza mpaka mwisho utaijua sababu, na najua utanisikiliza, kwa kuwa barua ulizipenda hata kama ulikuwa husomi. Zile za dada Rehema kutoka Uarabuni nilikusomea mimi, nawe ukanikatiza kila mstari: "Rudia hapo." Leo hakuna wa kunikatiza, basi nitakwenda polepole.

Kwanza habari za nyumbani. Mtoto ameanza kukaa. Yule uliyemwona mara moja tu kwenye simu, amefungwa nguo mpaka shingoni na mke wangu Saumu yumo ndani ya arubaini yake ya uzazi, sasa anakaa mwenyewe, anaanguka ubavu, anacheka. Amechukua macho yako, ya kumkagua mtu kabla ya kumkubali. Mama mdogo Mishi ndiye anayelala nyumbani kwako Kibuyuni. Kamba zako za mwani amempa jirani azitunze, maana miguu yake haimruhusu kuingia majini, lakini kila maji yakitoka anakwenda kusimama ufuoni na kumkosoa jirani kwa sauti, mpaka jirani ametishia kumrudishia kamba zake. Mimi niko palepale Kona ya Musa, cherehani mlangoni. Msimu wa sare za shule umepita, nimepata nafasi ya kupumua.

Na kupumua ndiko kunakoniletea mawazo. Nikiwa na kazi nyingi, mama, nakiri sikukumbuki sana. Kazi ikipungua nakukumbuka mpaka mguu unasimama juu ya pedali, na wateja wanadhani cherehani imeharibika.

Nataka tuzungumze habari za wodini. Tangu uondoke nimezieleza vipande vipande, hiki kwa Saumu, hiki kwa Mishi, na kila mmoja nilimpa kile kipande kisichonichoma. Wewe nitakupa chote.

Uliingia hospitali Jumatatu, tumbo limejaa, macho yamegeuka manjano. Walikupa kitanda cha pili kutoka dirishani. Wodi ya wanawake haikai mwanamume, hilo halina ubishi, nami nilikuwa naruhusiwa saa ya mchana na saa ya jioni tu, kisha askari wa geti anatutoa akigonga ufunguo kwenye chuma. Kila mgonjwa mle ndani alikuwa na mwanamke wake wa kumwosha na kumlisha, kwa kuwa manesi walikuwa wachache na vitanda vilikuwa vingi. Wewe hukuwa naye. Saumu yumo arubaini, Rehema yuko Uarabuni, Mishi hata ngazi tatu hazipandi. Nilikaa kwenye benchi la nje na chupa ya uji mapajani, nikajiona mtoto asiye na faida. Nilizaliwa mwanamume, basi siwezi hata kumbadilisha mama yangu nguo.

Ndipo akatokea Mama Kioko. Alikuwa akimuuguza mkwewe kwenye kitanda cha jirani yako. Mkamba wa huko Shimba Hills kwenye mashamba ya wahamiaji wa bara, msalaba mkubwa kifuani, na sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Hakumwuliza mtu ruhusa. Alipomaliza kumwosha mkwewe alibadilisha maji, akaja kwako. Siku ya kwanza ulijivutia leso mpaka kidevuni, ukaninong'oneza, "Mwanamke huyu simjui, mwanangu, atanionaje mwili wangu?" Siku ya pili nikakuta anakukanda miguu, na wewe unamfundisha kukamua nazi, baada ya yeye kukiri kwamba nyumbani kwake samaki humpika kama maharagwe. Ulishtuka kuliko ulivyoshtuka kuambiwa habari za ini lako.

Daktari wenu alikuwa msichana wa bara, mwembamba, viatu vya raba. Mtu alimfundisha adabu za huku, sijui nani, Mungu amlipe. Kila asubuhi alipita kitanda kwa kitanda na kila mtu mzima akampa shikamoo yake. Nilimwona mchana mmoja alipochelewa na mzunguko wake. Alisimama kwako, faili mkononi, akasema, "Shikamoo, mama. Habari ya leo? Kuna maumivu?" Yote kwa pumzi moja. Nawe ukajiinua kidogo kwenye mto, ukatengeneza mtandio, ukajibu kama ulivyowajibu watu miaka yako yote: "Marahaba, mwanangu. Sijambo, alhamdulillahi."

Akaandika. Akauliza tena kwa utaratibu wao, kutoka sifuri mpaka kumi maumivu ni ngapi, ukafikiri, ukampa mbili. Ulimpa mbili kama mtu anayepakuliwa wali ugenini akasema nitilieni kidogo tu, inatosha. Akaandika hiyo mbili. Mtu wa mbili hupewa vidonge viwili vyeupe, vile vya mtu anayeumwa kichwa. Ukavipokea kwa mikono miwili na ukamwombea dua.

Simlaumu, mama. Alifanya alichofundishwa, na zaidi akakuamkia. Shikamoo yake ndiyo iliyokuziba mdomo kabisa. Mtoto amekuamkia vizuri, na Mungu amekuamsha, utaanzaje kulalamika? Kwako kusema naumwa kabla salamu hazijakwisha kulikuwa ni kumkufuru Aliyekuamsha na kumvunjia heshima aliyekuuliza. Na yeye salamu zake hazikuwa na mwisho, zilichanganyika na kazi, halafu alikuwa ameshafika kitanda cha tatu.

Jumatano mchana Mama Kioko alinishika mkono mlangoni kabla sijaingia. Hakupunguza sauti, hiyo hawezi. "Wewe, huyu mama yako anaumia vibaya sana. Usiku mzima analia na roho, hatoi sauti. Kwani hamwambiangi daktari?" Watu wawili kwenye benchi waligeuka. Niliona haya, nikaingia.

Nikakuuliza. Hukunidanganya, na hilo nalishukuru. Ulinitazama ukasema, "Ni kweli. Linanikata kama mtu anasokota kamba ndani." Halafu ukanishika vidole viwili, hivi, kama ulivyonishika nilipokuwa mdogo tukipita kwa watu, ukasema, "Lakini usimwambie mtu. Watoto hawa wana kazi nyingi. Usinifedheheshe mbele ya watu, Bakari."

Nikasema, "Haya, mama."

Jumatano hiyo sikusema. Jioni nilirudi na uji na ndizi, nikasimama nikikutazama ukitabasamu kwa kila aliyepita. Alhamisi mchana daktari alikuja nikiwa pale. Alikuuliza, ukampa alhamdulillahi yako. Sijui aliona nini, kwa sababu safari hii hakuondoka. Alinigeukia mimi. Akasema, "Kaka, wewe unamwonaje mama?"

Kipande hiki sijampa mtu. Alinifungulia mlango, mama. Aliniuliza mimi, haki ya Mungu, alinisubiri nijibu, kalamu imesimama. Nikahisi vidole vyako vimenifinya chini ya shuka. Nikasema, "Anaendelea vizuri, daktari."

Akaandika na hilo.

Ijumaa nilitoka msikitini nikaja moja kwa moja. Ulikuwa umesinzia, kusinzia kule kwa mtu aliyechoka na si kwa mtu aliyelala. Leso yako ilikuwa imeteleza, nikainama kuirudisha begani. Leso zako zote nilizipinda mimi, mkono wangu naujua. Pindo la upande wa mdomo lilikuwa limetafunwa. Fundi anajua uzi uliochakaa na uzi uliokatwa na meno. Kipande cha urefu wa kiganja kilikuwa kimeliwa chote, kimelowa, na mshono wangu umefumuka. Mama Kioko alikuwa amekaa na mkwewe, akanitazama, kisha akaitazama leso.

Nikatoka kumtafuta daktari. Nilimkuta mezani kwa manesi akinywa chai kwa kikombe cha plastiki. Nikamwambia, mama yangu ana maumivu makali, na jana nilikudanganya. Nilidhani atanigombeza. Aliweka kikombe chini akauliza, "Tangu lini?" Nikasema tangu alipoingia, ila mimi nimejua tangu juzi. Alirudia tu "juzi" polepole, akainuka.

Wakavuta pazia. Nilisimama upande wa pili nikasikia anakuamkia upya, kisha akakwambia kwa upole atakubonyeza tumbo. Ulimi wako ulikuwa na adabu, mama, lakini tumbo halikuwa nayo. Sauti uliyoitoa sijawahi kuisikia kwako, hata siku baba alipozikwa. Wakaleta dawa ya maji kwenye kijikombe kidogo, ile kali ya maumivu, wakaandika upewe kila baada ya saa nne, uombe usiombe.

Pazia lilipofunguliwa ulinitazama mara moja. Halafu ukaugeukia ukuta.

Jumamosi nilikuja mchana na jioni. Ulisema, "Umekuja." Ndilo neno pekee. Uji uliunywa kidogo kutoka mkononi mwangu, macho kwenye dirisha. Mama Kioko hakuwepo, mkwewe alikuwa ameruhusiwa asubuhi. Nilikaa nawe nikizungumza peke yangu, habari za mtoto, habari za Mishi, hukuitikia hata moja. Nikajiambia kesho atakuwa ametulia, kesho nitamwomba radhi. Jumapili asubuhi, kabla ya saa ya kuona wagonjwa, nesi akatoka nje kunitafuta kwenye benchi, nami nilipomwona anakuja bila haraka nikajua.

Tulikuzika Kibuyuni kabla ya alasiri. Watu walijaa. Wanawake wa mwani walikuja na nguo zao bado zina chumvi. Kila aliyenipa pole nilimjibu alhamdulillahi, tumepokea, na kila nikijibu nilihisi kinywa changu kimekuwa kinywa chako.

Daktari aliniita baadaye kunieleza. Alisema uvimbe ulikuwa nyuma ya tumbo, wa siku nyingi, ndio ulioharibu ini, na hata ungesema siku ya kwanza usingepona. Alitaka kunituliza. Nikamwuliza, na maumivu? Alifikiri kidogo, akasema hayo yangepungua siku ileile. Nilimpenda kwa kunijibu ukweli, ingawa nimeubeba ukweli huo tangu hapo na ni mzito.

Sasa sikia yaliyobadilika. Baada ya hitma yako, hospitali ilitangaza kikao, watu waliouguliwa waje waseme walivyohudumiwa. Walitandika viti kwenye uwanja wa nyuma. Mishi akanisukuma niende, akinipa orodha yake ya mambo ishirini, la kwanza likiwa askari wa geti na ufunguo wake. Watu walisema mengi, na mengi ni ya haki: foleni ya picha za eksirei, dawa inayokwisha, choo cha wodi ya wazee. Mzee mmoja mfugaji kutoka Kinango alishukuru mpaka akalia, kisha akalalamika kwamba chai haina sukari.

Ilipofika zamu yangu orodha ya Mishi ilinitoka kichwani. Nikasema, mimi mama yangu aliulizwa kila siku kama anaumwa, na kila siku akasema hajambo, mkamwamini. Wanawake wakacheka, si kwa ubaya, walijitambua. Bibi mmoja kutoka Shimoni akapaza sauti kutoka nyuma, "Sasa wewe ulitaka amjibu nini mtoto wa watu? Ameamkiwa!" Wakacheka zaidi. Daktari wako alikuwa amekaa mbele, pembeni. Yeye hakucheka. Nikasema, bibi, hilo ndilo nililolijia. Huku kwetu salamu ni salamu, na habari ni habari. Mtu huulizwa hali, akaitikia hajambo, akaulizwa watoto, hawajambo, akaulizwa nyumba, salama, na hapo ndipo huvuta pumzi na kusema, lakini bwana, nyumba imeungua. Nyinyi mwaondoka kabla ya lakini.

Nikakaa. Sikusema habari ya Alhamisi, mama. Mbele ya watu wote wale nilificha ya kwangu, nikatoa yako.

Mwezi uliopita nilimpeleka Mishi hospitali kwa ajili ya miguu yake. Tulimkuta daktari yuleyule. Akamwamkia, Mishi akajibu sijambo kabisa, alhamdulillahi, na huku alikuwa ameshushwa garini na watu wawili. Nikafungua mdomo niseme. Daktari akaniinulia kiganja, ningoje. Akavuta kiti akakaa, faili akalifunga. Akamwuliza habari za nyumbani, za Kibuyuni, za mwani, akamwachia Mishi amseme yule jirani mpaka akachoka. Halafu akasema, "Haya, mama mdogo, salamu zimekwisha. Sasa nieleze panapouma." Mama, Mishi alisema! Alieleza magoti, akaeleza mgongo, akaeleza moyo unaodunda akilala chali ambao sisi hatukuujua, akamaliza na jino alilong'olewa akiwa mwari. Manesi wote wodini sasa husema hivyo, salamu zimekwisha, nimewasikia kwa masikio yangu. Nilitoka nje nikajifanya natafuta maji. Nililia kwa furaha, na kwa wivu pia. Nilimwonea Mishi wivu kwa niaba yako.

Na jana akaja Mama Kioko dukani. Sikuwa nimemwona tangu ile Ijumaa. Amekuja kushonewa nguo ya kwaya, kitambaa cha zambarau, mkwewe mzima na tayari ana mdomo. Alikuwa amepata habari zako kwa nesi mmoja. Nilikuwa nampima mkono akasema, "Hiyo siku ya mwisho yangu huko, mama yako alinichekesha." Nikauliza alisema nini. Akashangaa, "Kwani mimi sikukuambia?" Hakuniambia, aliondoka Jumamosi asubuhi mimi nikiwa bado sijafika.

Akanieleza. Kumbe ulipougeukia ukuta ile Ijumaa, baada ya muda ukalala. Ulilala mpaka asubuhi, mpaka yeye akainuka mara mbili kuhakikisha unapumua. Asubuhi alikuletea uji, ukanywa, ukapangusa mdomo, ukamwambia, "Mtoto huyu amenifedhehesha." Ukanywa tena kidogo, ukasema, "Lakini nimelala."

Nilicheka, mama, tepu iko mkononi. Kisha nikalia mbele ya mteja, jambo ambalo ungelichukia. Mama Kioko alinishikia tepu akaniacha nimalize, na nikakosea kipimo cha mkono, ikabidi nimpime upya.

Basi nimekaa leo asubuhi kabla sijafungua duka nimekuandikia. Ahadi yangu ni hii: popote nitakaposimama kando ya kitanda cha mtu wangu, na mimi mwenyewe nikilazwa, sitasubiri kuulizwa mara mbili. Saumu ameniuliza miezi yote hii habari zangu nikamjibu njema. Leo akiniuliza nitamwambia habari ya Alhamisi.

Lala sasa, mama, usingizi huo huo wa Ijumaa. Ulisema nimekufedhehesha, na kweli nilikufedhehesha. Kwa hilo sikuombi radhi, ningelifanya tena. Radhi nakuomba kwa Jumatano, na kwa Alhamisi.

Mwanao,
Bakari